Mitaa ya Marekani Soko la Mikumi

Alhamisi saa tatu asubuhi Costancia alikata kamba za belo la mitumba kwa kisu cha kumenyea viazi, akatoa makoti ya kike na mtaa mmoja wa katikati ya jiji la Saint Louis. Makoti aliyatundika mbele, maana abiria wanaopanda kwenda Makambako huyanunua kabla baridi haijawakuta. Mtaa aliuacha nyuma ya kibanda. Ulijikunjua wenyewe, ukapita ukuta wa gesti ya jirani na kuendelea. Ulikuwa mpana, lakini maduka karibu yote yalikuwa yamezibwa kwa mbao. Mtu mmoja alipita na mbwa, hakusimama.

Tangu masika mabelo yalikuwa yakija na mitaa yake, na uongozi wa soko ulishatangaza kwa kipaza sauti kwamba kila mwenye mtaa aufagie mwenyewe. Wateja nao walikuwa wameanza kulinganisha. Kisioki, mfugaji aliyekuja kutafuta jaketi, alikuwa ameitembelea mitaa yote.

"Chicago treni inapita juu ya vichwa vya watu, kwenye nguzo za chuma," alisema. "Ng'ombe wangekonda kwa zile kelele. San Francisco ni mlima mtupu. Ni Kitonga yenye maduka. Lakini New York ya kwa Debora, unatembea tangu asubuhi mpaka mchana, vioo bado havijaisha."

"Na huu wangu?" aliuliza Costancia.

Kisioki alichungulia. "Huu una kivuli kizuri," akasema, akachukua jaketi lake.

Debora alikuwa mdogo wake Costancia, tumbo moja. Walizaliwa Kilosa, baba yao Makarius akiwa fundi wa reli. Kibanda cha Debora kilikuwa mstari wa mbele, kimetazama barabara kuu, kwa sababu alijua kuzungumza na watu wa ofisini. Belo lake la blauzi lilikuwa limetoa Fifth Avenue nzima, mtaa wa maduka wa New York. Madereva wa malori walipaki, wakapiga picha mbele ya madirisha, kisha wakawanunulia wake zao blauzi.

Wivu ulimkaa Costancia kooni kama mwiba wa perege. Mchana aliingia mtaani kwake kutafuta maduka yaliyo wazi. Akakuta matatu: kinyozi, muuza miwani na mgahawa ambao viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza. Wiki iliyofuata alifungua belo la nguo za kulalia, akiomba kimoyomoyo, akapata Los Angeles. Ilikuwa sehemu ya kuegesha magari tu.

Jumamosi Debora alimpelekea chai.

"Dada, uje na kwangu. Baba yupo."

Baba yao alikuwa amezikwa Kilosa miaka saba iliyopita.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Anapita saa kumi jioni, anaangalia maduka."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani atafika na kwako."

Costancia alivaa kitenge chake cha kanisani, akaenda. Alimkuta baba yake mbele ya dirisha kubwa, amevaa suruali yake ya kaki ya reli, ameshika maboksi matatu. Watu wenye mifuko ya karatasi walimpisha kwa heshima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Alimtazama mikononi, kama alivyokuwa akimtazama anaporudi shamba. "Debora yuko wapi?"

"Anahudumia wateja."

"Nimemnunulia viatu vya shule, begi, na koti la mvua. Mvua ya Kilosa haina adabu."

Costancia alikuwa kidato cha pili baba aliposema nyumba ile haiwezi kusomesha wasichana wawili. Siku ya pili yake sare yake ya shule ilikatwa upindo, akapewa Debora. Yeye alipewa jembe. Hakuna aliyelizungumza tena, hata msibani.

"Kwangu hukupita, baba."

"Nilipita. Palikuwa pamefungwa."

"Hapajafungwa. Kuna kinyozi."

Baba alifikiri kidogo, akajipapasa kidevu. "Mimi nimeshanyoa," akasema.

"Na mimi je? Mimi sikusoma, baba."

"Wewe ulikuwa na nguvu, Costancia," alisema kwa upole, kama mtu anayetoa sifa. Kisha akamkabidhi maboksi. "Nishikie. Nataka kuona dirisha la upande wa pili. Usifungue, ni ya mdogo wako."

Akavuka barabara taa ziliporuhusu. Costancia alisimama pale, maboksi kifuani. Aliona sura yake kwenye kioo, katikati ya masanamu yaliyovaa vizuri, na wapita njia wakaangalia nguo za masanamu. Jua lilipogusa vilima, Debora alikuja kufunga kibanda. Costancia akampa maboksi, moja baada ya jingine.

Debora alikuwa na miaka thelathini na sita. Alikaa juu ya ndoo, akajaribu viatu. Vilimkaa sawasawa.

"Asante, dada," akasema. "Kesho baba ananunua vitabu."

Costancia akamwambia atakuja mapema, maana vitabu ni vizito.