Leso za Boila

Barua pepe ya meneja Johnstone ilikataa kuondoka siku ya Jumatatu, baada ya chai ya saa nne. Mwanaima, karani wake katika hoteli moja ya Diani, aliitwa aitazame. Alizima kompyuta akaiwasha, akachomoa waya wa intaneti, akaupuliza, akaurudisha. Barua ikakaa palepale, na chini yake maandishi mekundu: haikutumwa.

Hakuisoma. Mchana alitoka langoni kununua mihogo ya kukaanga, akamkuta muuzaji, Mama Rai, amejifunga leso. Pindoni, pale panapoandikwa jina la leso, paliandikwa: FEISAL ALIKUWA AMELEWA BOILA ILIPOPASUKA.

"Shikamoo, Mama Rai. Leso hiyo umeipata wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Niliinunua Msambweni ikisema MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Leo nimeianua kambani inasema hivi. Nikutilie pilipili?"

Feisal alikuwa kaka yake Mwanaima. Ndiye aliyekuwa akiwasha boila ya chumba cha kufulia, na mvuke ulimuua mwezi wa Ramadhani, mchana, akiwa na saumu. Mtu na saumu yake, ati amelewa! Mtu ambaye hata tembo la mnazi hakupata kulionja tangu azaliwe! Mwanaima alikula mihogo yote asihisi pilipili.

Johnstone alimwita fundi kutoka Ukunda, kijana wa bara aitwaye Owen. Owen alibonyeza hiki na kile hadi jasho likamtoka.

"Bosi, hii kitu iko fiti. Paswadi iko sawa, net iko sawa. Ni vile tu haitaki."

Johnstone akaandika nyingine, akabonyeza tena. Alikuwa akiwaandikia wenye hoteli, huko Ulaya, kwa Kiingereza, lakini leso ziliyatoa maneno yake kwa Kiswahili fasaha. Hadi Alhamisi, kambani kote kuanzia Diani mpaka Msambweni, zilikuwa zinasema: TULIJUA INAVUJA TANGU MWAKA JANA. MSIMWAMBIE MTU. Wanawake walilalamika tu kwamba herufi zimepanda juu ya maua. Wakazivaa vivyo hivyo, wakawa wanapita mbele ya meneja na kumgeuzia migongo makusudi.

Johnstone hakuona kitu. Miaka yote aliyokaa pwani hakupata kujua kwamba leso husomwa.

Basi Mwanaima akatafuta msomaji. Mkewe Johnstone, Milcah, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mwanaima alichagua doti moja ya leso hizo, iliyokolea rangi, akaipiga pasi, akaenda kubisha hodi.

"Hongera, mama. Ya kumbebea mtoto."

Milcah aliikunjua, akasoma pindo lote polepole.

"Feisal ni nani?"

"Ni kaka yangu. Alikuwa."

Milcah alimfunika mtoto kwa leso ile, jina likakaa juu. Johnstone aliporudi kutoka kazini na kumpakata mwanawe, aliyasoma maneno yake mwenyewe, akamrudisha mtoto kwa mama yake taratibu. Akaagiza leso ile itupwe. Asubuhi yake maneno yalikuwa kwenye shuka ya mtoto, kwenye nepi zake, na kwenye kila kitambaa alichofunikwa. Mtoto mwenyewe alilala vizuri, hana habari.

Siku hiyo barua ikaondoka. Wenye hoteli wakajibu kwa shukrani, na kwao Feisal ni mlevi hadi leo. Boila ilizibwa kwa kiraka, akawekwa kijana mwingine kuiwasha. Inavuja.

Mwanaima yuko kazini bado. Kila asubuhi humwamkia meneja wake kwa adabu zote.

"Mtoto hajambo, bosi?"

"Hajambo."

"Ameanza kusoma?"

"Bado."

"Hapana neno," husema Mwanaima, akiwasha kompyuta. "Rangi ile haichuji."