Uzito Uliotangulia Usangu

Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kuwamwagia pumba, Nyamizi aliwapima bata mwitu wa banda la Iyunga. Alimtia bata kikapuni, akakitundika kikapu kwenye mzani, akautaja uzito. Gerson, mtafiti aliyemwajiri, aliuingiza kwenye kompyuta na mstari ukapanda. Mayai walimoanguliwa yaliokotwa kwenye majaruba ya mpunga ya Usangu. Gerson alitaka kujua bata wa porini hukuaje akifugwa.

"Mwanzo wanapanda kama mlima," alimweleza. "Wakishaota manyoya ya kurukia, mstari unalala. Ndiyo kanuni yenyewe, Mama Masunga."

Mstari haukulala. Ulishuka. Walipoota manyoya ya kurukia, bata waliacha kutulia. Walitembea kando ya wavu mchana kutwa, vifua vikielekea Usangu, na kila Ijumaa walikuwa wakubwa zaidi na wepesi zaidi. Mwishowe bata aliyejaa kikapu kizima alipima sifuri.

"Wanakula?" Gerson aliuliza.

"Wanamaliza."

Alibadilisha betri ya mzani. Bado sifuri. Akaazima kwa jirani mzani wa magunia, akamwomba Nyamizi apande. Sifuri.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu tuhamishwe kutoka bondeni Usangu kupisha hifadhi. Siku za upepo nafunga mawe kwenye kitenge."

Kule bondeni, nyuma ya nyumba iliyobomolewa, alikuwa amemwacha Masunga, mwanawe wa kwanza, kaburini.

Siku chache baadaye Philbert, askari wa hifadhi kule Usangu, alimpigia Gerson simu. Matope yalikuwa yamejaa nyayo za bata, ila bata wenyewe hawaonekani.

"Hao wangu," Gerson alisema. "Uzito wao umetangulia."

Wakubwa wa Philbert wakaamua kwamba bata ni wanyamapori, basi uzito wao ubaki. Gerson akaongeza kwenye kanuni yake uzito ulioko nyumbani kwao Usangu. Mstari ukalala vizuri, naye siku hiyo akanunua soda.

Kisha Philbert akaja mwenyewe kwa pikipiki, kavaa tope mpaka kope.

"Kuna nyayo nyingine," alisema. "Za mwanamke, miguu peku. Kidole kidogo cha kushoto hakipo. Zinazunguka kaburi pale kwenye mahame, na magugu yameng'olewa."

Nyamizi aliutazama mguu wake wa kushoto.

"Ni mimi. Mvua zikianza, pale panaota haraka."

"Mama, eneo limefungwa. Hata uzito hauruhusiwi."

"Na wa bata?"

"Bata ni wa pale."

"Na Masunga je? Nilimzalia palepale."

Philbert alijikuna kidevu. "Hilo sijapewa maelekezo. Uutoe uzito wako kabla mvua hazijakatika, la sivyo utaitwa kituoni." Kisha akala ugali, maana njia ni ndefu, akausifu mlenda. "Ninyi Wasukuma mtatuua kwa mlenda."

Alipoondoka, Nyamizi alimgeukia Gerson.

"Nitie na mimi kwenye hiyo kanuni, mwanangu."

"Kanuni ni ya bata, Mama Masunga."

Ijumaa ikafika. Bata walipima sifuri, Gerson akajumlisha uzito ulioko nyumbani, mstari ukalala. Nyamizi akakaza mawe kiunoni, akasimama kati ya bata, uso ukielekea Usangu. Juu ya saruji kavu alihisi matope ya baridi yakipenya vidoleni. Akainama, akang'oa gugu ambalo halikuwepo, akalitupa nje ya wavu.

Nyuma yake Gerson alifunga banda, Nyamizi na bata wakiwa ndani, akatikisa kufuli kuhakikisha.