Rufaa Isiyopelekwa

Siku waliyomzika mama yao kule Kimilili, Annet Nalianya alitupa udongo kaburini mara mbili: mara ya kwanza kwa niaba yake, mara ya pili kwa niaba ya kaka yake Boaz, aliyekuwa gerezani kwa wizi ambao hakuufanya. Udongo ukiwa bado kwenye kucha zake, aliapa moyoni kwamba wakili Gathogo atalia.

Gathogo alikuwa na ofisi Kawangware, juu ya duka la mabati, katika jumba alilorithi kwa baba yake. Ndiye aliyemtetea Boaz, tena ovyo ovyo. Boaz alipofungwa, wakili huyo akaahidi kukata rufaa. Annet alikuwa akimwachia jirani karai lake la kukaangia omena, visamaki vya ziwani, pale Kisumu Ndogo, Kibera, na kwenda kumwona Gathogo, na kila alipofika jibu lilikuwa lile lile.

"Rufaa iko kortini, mama. Tunangoja tarehe."

Mwishowe hata simu hakushika. Mama yao naye alingoja, yuko kitandani nyumbani kwa Annet, akimuuliza kila asubuhi kama Boaz ameachiliwa, mpaka asubuhi ambayo hakuuliza.

Baada ya matanga Annet alikwenda mahakamani mwenyewe. Karani akalitafuta jina la Boaz, akalitafuta tena, kisha akamtazama kwa huruma. Hakuna rufaa iliyowahi kuletwa.

Annet hakupiga kelele. Alimtafuta wakili mwingine, mwanamke kijana aliyeitwa Aluoch, wa shirika la kusaidia wafungwa. Aluoch akaomba ruhusa ya kukata rufaa ingawa muda ulikuwa umepita, akapewa, akashinda. Boaz akarudi Kibera mifupa mitupu. Yeye alitaka tu kwenda kuliona kaburi la mama. Annet alitaka kumshtaki Gathogo kwenye jopo la nidhamu ya mawakili.

"Wachana na huyo jamaa, Annet," Boaz alimwambia. "Mimi si nishatoka?"

"Wewe umetoka. Yeye hajaingia."

Gathogo alipopata habari za malalamiko hayo, alifunga safari hadi Kisumu Ndogo, viatu vimejaa matope ya mtaro, mkewe Mumbi akimfuata nyuma. Annet alikuwa akikaanga omena. Aliwaonyesha benchi lililokuwa juani, akaendelea na kazi yake. Wateja walikuja wakaenda. Mumbi alijipangusa jasho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Jua lilipoanza kushuka ndipo Annet akainua macho.

"Ondoa hayo malalamiko, tafadhali," Gathogo akasema. "Nililemewa na kazi. Niko na watoto shuleni."

"Tunangoja tarehe," Annet akamjibu, akageuza omena.

Mbele ya jopo, Gathogo alidai kwamba faili lilipotea, kisha akadai kwamba alikuwa mgonjwa. Annet alipoulizwa ameumizwa vipi, alijibu kwa sauti ya chini. "Nilimdanganya mama yangu kila asubuhi, kwa sababu huyu alinipa uwongo wa kumpelekea. Akafa akiuamini."

Gathogo akasimamishwa uwakili miaka miwili. Aluoch alifurahi, akampa Annet mkono. Annet aliona ni kama ametemewa mate. Miaka miwili si kitu.

Kwa hiyo alipomsikia mteja mmoja akisema kwamba Gathogo bado anapokea watu Kawangware, alivua aproni na kwenda. Pale juu ya duka la mabati alimkuta mzee Wangila, fundi wa viatu kutoka Mashimoni, ameketi akingoja. Mtoto wake alikuwa rumande. Annet akaketi kando yake, akamweleza yote, bila haraka, mpaka kwenye kaburi.

Mlango ukafunguliwa.

"Toka ofisini kwangu," Gathogo akasema.

"Huna ofisi. Umesimamishwa." Annet hakumtazama hata, alikuwa akimsaidia Wangila kuinuka. "Twende, mzee. Kuna mwingine wa kukusaidia."

Aluoch aliichukua kesi ya yule kijana. Wangila naye alisimama mbele ya jopo na kueleza alivyopokewa na wakili aliyekatazwa kazi. Safari hii jina la Gathogo lilifutwa kabisa katika orodha ya mawakili. Alilia pale pale, mabega yakitikisika, na Annet, katika kiti cha mbele, hakupepesa macho asije akapitwa na lolote.

Wiki chache baadaye Boaz, aliyekuwa amepata kibarua Kawangware, alirudi jioni na habari. Mumbi alikuwa amefungua kibanda cha mboga ili watoto wale. Mikono yake haijazoea, alisema Boaz. Amejikata vidole vyote kwa kukata sukuma wiki. Alisema hivyo taratibu, akitumaini kitu fulani kingelainika usoni mwa dada yake.

"Hicho kibanda kiko upande gani?" Annet akauliza.

Boaz alimwangalia usoni, akakataa kumwambia.