Raba Zisizovaliwa

Kwetu sisi, kabla hujasifia kitu chako unataja kwanza kilema chake. Hiyo ndiyo kanuni ya mkeka. Tunautandika chumbani kwangu Jumapili, nguo zikishaanikwa, na kila mmoja anamwaga alichochoka nacho: sweta za kofia, suruali za mifuko mingi, na hasa raba. Hakuna anayeuza. Unatoa chako, unachukua cha mwenzako, mkiridhiana mnagonga viganja, na kikishatoka mkekani hakirudi. Ukitaja kilema tunakuheshimu. Ukikificha tutakucheka mpaka uhame mtaa.

Jumapili ile mimi nilikuwa na haja moja tu: raba. Kesho yake nilikuwa naanza kazi ghalani, kupanga katoni za sabuni, na msimamizi alishaniambia wazi: kiatu cha kufunika, soli ya kueleweka, ukija na ndala, unarudi nazo. Mimi nilikuwa na ndala za kutokea na ndala za kuogea, basi. Kitu changu cha maana kilikuwa jaketi la jinzi. Nililipiga viraka mgongoni nikiwa na mimba ya mwanangu, vipande vya mapazia na mashati yaliyokwisha, na hakuna msichana mtaani ambaye hajaniomba walau aliazime siku moja.

"Kilema," Twiga aliniamuru. Huyo ni rafiki yetu mrefu anayeuza kwenye duka la dawa. Sauti yake ya dukani huja nayo mpaka mkekani.

"Kifungo cha pili kimelegea. Mfuko wa ndani una doa la dawa ya kikohozi. Na hapa kifuani nimeshona upya mara mbili."

"Kifuani ulipigana na nani?"

"Nilikuwa nanyonyesha, mwenzangu. Jaketi lilizidiwa."

Walicheka mpaka mwanangu, ambaye mtaa mzima unamwita Kibonge kwa mashavu yake, naye akacheka bila kujua kinachochekwa.

Bi Maboksi hakucheka sana. Macho yake yalikuwa kwenye viraka. Yeye ni msusi, na jina hilo tulimpa sisi, maana chumbani kwake raba zimepangwa ndani ya maboksi mpaka juu karibu na bati, kila jozi imefungwa nailoni, na mwenyewe anakwenda saluni na ndala. Akavuta boksi alilokuja nalo, akafunua. Raba nyeupe, mstari wa buluu pembeni, zinang'aa kama meno ya mtoto.

"Kilema?" nikamuuliza.

"Hazina."

"Kila kitu kina kilema."

"Hazina, nakwambia! Sijawahi kuzitia mguu. Zimelala humu tangu hata Kibonge hajazaliwa. Kama mnataka kilema, basi ni kwamba leo nitalia."

Kawaida unavaa, unatembea mpaka langoni, unarudi, ndipo unasema ndiyo au hapana. Nilipozivaa na kushika njia ya mlangoni, Bi Maboksi akanidaka mkono. "Jamani, usizikanyagishe chini bado ni zangu! Roho yangu itatoka." Nikamwonea huruma. Nikasimama tu pale mkekani, nikainuka na kushuka kwa vidole mara kadhaa. Saizi yangu kabisa. Nikazivua. Tukagonga viganja, naye akalivaa jaketi hapo hapo, na joto lile lote.

Kesho yake asubuhi niliingia ghalani najiona mtu. Nilizifunga kamba kwa mafundo mawili. Hata hatukufika chai, nikahisi kama nakanyaga mkate uliokauka. Nikaendelea, mgeni halalamiki siku ya kwanza.

"Dada," msimamizi akaniita kutoka mwisho wa mstari wa katoni. "Unamwaga nini?"

Nikageuka. Makombo ya rangi ya manjano yalikuwa yamenifuata nyuma kote nilikopita, kama mtu aliyetembea anakula keki. Nikainua mguu wa kushoto. Soli ikabaki sakafuni peke yake, nayo ikapasuka vipande vitatu nilipojaribu kuiokota.

"Mgeni wetu anapukutika!" mmoja akapiga kelele, na ghala lote likaangua kicheko. Nami nilicheka. Ningefanyaje?

Msimamizi si mtu mbaya. Ila alinitazama miguu, si uso. "Nenda. Rudi kesho na viatu. Kesho ukikosa, namwita anayefuata, na wanaofuata ni wengi."

Nikaburura miguu mpaka kwa mama mkwe kumchukua Kibonge. Mama mkwe akaniangalia, akaangalia kilichobaki cha raba, akasema, "Haya, mwanangu, kazi imekukataa au kiatu ndicho kimekataa kazi?" Nikavua mabaki yale, nikaazima ndala zake. Jioni nikambeba mtoto, nikaenda moja kwa moja kwa Bi Maboksi.

Alikuwa ndio kwanza ametoka saluni. Amevaa jaketi langu. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Nikamwaga makombo na vipande vya soli mlangoni kwake bila hata kubisha hodi vizuri.

"Umezifanya nini?" akaruka.

"Nimezivaa."

"Umeziloweka wewe!"

"Nimezivaa, nimetembea. Kosa langu ni kuwa na miguu?"

"Umezianika juani, nakujua. Raba zilikuwa nzima, na wote mliziona. Kikishatoka mkekani hakirudi."

"Na kilema hutajwa kwanza."

"Nitatajaje nisichokijua?"

Hapo aliniweza. Angekuwa amenidanganya ningejua la kumfanya: ningepayuka, majirani wangetoka, na Jumapili angetengewa mkeka wake. Lakini uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeamini kila neno analosema. Nilitamani sana awe mwongo. Kibonge alikuwa ameshachutama, anaokota makombo, moja liko njiani kwenda mdomoni. Nikamnyang'anya, akalia, nami machozi yakanikaribia.

"Haya," nikasema. "Toa nyingine. Vaa wewe, utembee."

"Unataka niharibu na nyingine ili ufurahi?"

"Si nzima? Zitaharibikaje?"

Alinikodolea macho. Kisha akapanda kiti, akashusha boksi la juu kabisa, lile lililokuwa linagusana na bati, akatoa raba nyekundu. Akazivaa kwa maringo, jaketi langu mabegani, akatoka ukumbini kwa mwendo wa maonyesho. Alipofika kwenye bomba la maji la uani mwendo ukapungua. Akasimama, mgongo wa viraka vyangu umenielekea, hageuki.

"Rudi basi," nikamwambia.

Alirudi polepole, anachechemea, na makombo yakarudi naye.

Akazivua zile nyekundu. Akashusha boksi la pili, akabonyeza soli kwa dole gumba. Dole likazama. Boksi la tatu, likazama tena. Akaanza kufungua kwa pupa, vifuniko vinaruka, nailoni zimejaa sakafuni, na kila alipobonyeza kulitoka sauti ndogo kama ya chaki inayosagika. Joto la bati na kule kutovaliwa vilizila zikiwa zimelala, nyeupe, safi, bila vumbi. Miaka yote ile anakwenda na ndala ili zisichakae!

Mimi nilikuwa nimekuja kugomba. Hasira yangu ikakosa pa kukaa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Akavua jaketi, akanitupia. "Chukua. Tumemalizana."

"Jaketi halivaliwi miguuni."

"Sasa unataka nini, Mama Kibonge? Nikukatie miguu yangu?"

"Nataka kwenda kazini kesho."

Alikuwa amefika boksi la chini kabisa, lililochakaa kona. Ndani kulikuwa na raba nyeusi za kawaida, soli ya mpira mgumu, zile alizojinunulia kwa mshahara wake wa kwanza saluni. Akabonyeza. Hazikuzama. Akabonyeza tena, na kwa mara ya kwanza jioni ile uso ukamfunguka. Ndipo akaniona ninavyozitazama. Akarudisha kifuniko.

"Hizi hapana."

Nimezoea kusema haidhuru. Mama mkwe akiniambia uji umekuwa mzito, haidhuru. Baba Kibonge akiahidi kuja na asije, haidhuru. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, tamu kabisa, na lingetupatanisha pale pale. Nikalimeza.

"Tulibadilishana jaketi kwa raba," nikasema. "Mimi nilitoa jaketi, na bado ni jaketi. Wewe umetoa makombo."

"Sikujua!"

"Najua hukujua. Lakini kesho msimamizi hataniuliza nani alijua."

"Ndizo pekee zilizobaki. Huoni? Pekee!"

"Naona."

Kibonge alikuwa amejiingiza ndani ya boksi tupu, anajifunika kwa kifuniko, anatokea, anacheka peke yake. Hakuna aliyemchekea. Bi Maboksi alifuta pua kwa mkono, akaangalia vifuniko vilivyotapakaa, akaniangalia mimi, ndala nilizoazima kwa mama mkwe na vidole vyangu vyenye vumbi. Nililikunja jaketi vizuri, nikaliweka mapajani mwake pale alipoketi sakafuni.

Akalisukuma boksi kwa mguu mpaka kwangu.

"Chukua upesi, kabla moyo haujanigeuka. Na usizitie vumbi."

"Nitazitia vumbi. Ghala lina vumbi."

"Basi usikanyage kisigino ukivaa."

"Hicho sitakikanyaga."

Nikazivaa hapo hapo, huku yeye amegeuza uso ukutani. Zilikuwa za enzi za ujana wake, ndogo kidogo. Nikatembea ukumbini, nikapita bomba, nikarudi. Sakafu nyuma yangu ilikuwa safi. Sikujisikia mshindi. Nilijisikia kama mtu aliyechukua chakula kwenye sahani ya mgonjwa, na bado nilikuwa na njaa, na bado kilikuwa changu.

"Hizi nyingine nizifanyeje?" akauuliza ukuta.

"Sijui, dada. Kamba zake nzima."

Akatoa mguno ambao labda ulikuwa nusu ya kicheko. "Mtanicheka Jumapili."

"Twiga atakucheka. Mimi nitamshika mdomo."

"Utamfikia wapi, mrefu vile?"

Nikambeba Kibonge, nikashika njia. Nilikuwa nimeshafika langoni aliposimama mlangoni kwake, jaketi amelivaa tena, akapaza sauti: "We Mama Kibonge! Zikikubana kesho uniambie!"

"Zinanibana sasa hivi!"

"Nyamaza, utembee!"

Nikatembea.