Nambari Saba, Ukurasa wa Tisini na Nne

Mimi sikosei. Nalisema mapema ili tusisumbuane. Miaka ishirini na miwili nimekaa chumba cha masahihisho katika kiwanda cha uchapaji cha serikali, na kila sheria, kila hukumu, kila kitabu cha shule kimepita chini ya kalamu yangu nyekundu. Wenzangu wananiita Nukta. Wanadhani wananitania, kumbe mwenzao nasikia raha.

Siri yangu ni kwamba nasoma kinyumenyume. Naanza na neno la mwisho la ukurasa, narudi moja moja hadi la kwanza. Ukisoma kama watu wengine, maana inakuvuta, na jicho linaruka kosa bila habari. Ukisoma kinyumenyume hakuna maana, kuna herufi tu. Katiba nzima nimeisoma hivyo. Ukiniuliza inasema nini, nitakujibu kwamba haina kosa.

Sheria ya Masahihisho nayo niliisoma vivyo hivyo, mwezi uliopita. Ukurasa mmoja tu, safi, nikatia saini. Ilisema kwamba asiyeandikwa katika vitabu vya dola hakuwahi kuwapo. Mimi niliona nukta ziko mahali pake, basi.

Jumanne ikaja prufu, ile nakala ya kusahihishwa kabla ya kuchapa, ya kitabu cha historia cha kidato cha pili. Ukurasa wa tisini na nne niliumaliza kabla ya chakula cha mchana. Hauna kosa. Saini. Nikaenda zangu nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi yake.

Nyumbani tuko wawili, mama na mimi. Lakini mama kila alasiri humimina chai vikombe vitatu: chake, changu, na cha Kaka, ambacho hukifunika kwa kisosi ili kisipoe. Kaka alikuwa mwalimu wa historia. Serikali ilipotaka kulifuta somo hilo mashuleni, yeye na wenzake sita waliipeleka mahakamani, na wakashinda. Wiki iliyofuata aliitwa kwenye ofisi ya serikali, mara moja tu, wakamwambia. Akaacha koti lake kwenye kiti kwa kuwa alikuwa anarudi sasa hivi. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Kisosi hakijawahi kukosekana.

Jumanne ile vikombe vilikuwa viwili.

"Mama, cha Kaka kiko wapi?"

"Kaka gani?"

Nilicheka. Mama yangu ana utani wake. Kisha nikamwona amelishika lile koti, analigeuza huku na huku, anapima mabega.

"Hili la nani? Fundi bomba alisahau hapa?"

Nikainua macho ukutani, penye picha iliyopigwa kwenye ngazi za mahakama siku ya ushindi. Walimu sita wanacheka. Katikati yao pana nafasi ya mtu mmoja, na mwalimu wa hesabu, rafiki yake mkubwa, ameweka mkono begani pa hewa. Vidole vimekunjika kidogo, kama vinavyokunjika juu ya kitambaa cha koti. Niliogopa, jamani. Niliogopa hadi meno yakagongana, na mama akaniuliza kama nina homa.

Kwa nini mimi nilibaki naye kichwani, sijui. Labda kwa sababu ule ukurasa sikuusoma kwa maana.

Asubuhi niliufungua na kuusoma kama wanavyosoma watoto, mwanzo hadi mwisho. "Walimu sita waliishitaki serikali." Majina sita, kwa nambari. Herufi zote sahihi, na chini yake saini yangu. Nilikimbia stoo nikachukua toleo la zamani, lenye vumbi, kurasa zimegeuka manjano. Nalo lilisema sita.

Nikaenda kwa mkuu wetu, tunayemwita Rula kwa sababu hasomi mstari bila kuuwekea rula chini yake.

"Nimekosea," nikamwambia.

Kalamu ilimdondoka. "Wewe?"

"Ukurasa wa tisini na nne. Walikuwa saba."

Aliweka rula, akahesabu majina, akahesabu tena. "Sita hawa. Na wewe sheria unaijua. Asiyeandikwa hakuwapo. Usiniletee balaa hapa asubuhi yote hii."

Mwenzenu nilikuwa nimejipanga. Nikamwekea mezani karatasi ya Yaliyomo, ambayo ndiyo hutangulia kuchapwa. Ilikwishatoka mashineni nakala elfu arobaini. "Sura ya Nane: Kesi ya Walimu Saba, uk. 94." Aliyemfuta Kaka alisahau kupita huko.

Rula alijikuna kichwa. Kanuni yetu haina huruma: karatasi mbili zikipingana, iliyokwisha kuchapwa ndiyo inayoshinda. Nyingine inafunguliwa, inasahihishwa, na ikitiwa saini mara ya pili haifunguliwi tena, hata aje nani.

"Haya," akasema. "Andika walimu saba. Ongeza nambari saba. Kuchapa kunaanza saa nne. Jina lake nani?"

Nikafungua mdomo.

Hakuna kilichotoka. Uso wake nauona, kile kicheko chake cha puani nakisikia, namna alivyokuwa akinipiga rula za vidole nikikosea hesabu. Jina, hakuna. Kwa nini liwepo? Kaka ni Kaka. Tangu nizaliwe sijamwita jina hata siku moja, nani anamwita kaka yake mkubwa jina lake? Wanafunzi walimwita Mwalimu. Mama alimwita Baba, kwa kuwa alipewa jina la babu yetu, na mama hawezi kulitamka jina la baba yake mzazi. Kwa heshima zetu zote, jina la ndugu yangu halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba yetu. Lilikuwa kwenye maandishi tu. Na maandishi ndiyo kazi yangu.

Nikapiga simu.

"Mama, babu aliitwa nani?"

"We mtoto una wazimu? Nimtaje baba yangu kwa jina, kwenye simu?"

"Mara moja tu, mama. Nakuomba sana."

Kisha akasema polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Hata silikumbuki."

Saa nne kasoro dakika mbili. Chini, mashine ilikuwa imeanza kunguruma, sakafu inatetemeka chini ya viatu vyangu. Rula kanisimamia. "Jina, au ufute nambari."

Nikaandika 7, nikaweka nukta, na mbele yake nikaacha nafasi tupu, upana wa jina la mtu. Nikatia saini mara ya pili kabla hajaninyang'anya kalamu.

"Umechapa tundu!" alipiga kelele. "Kitabu cha dola, nchi nzima, na tundu!"

"Ndiyo," nikasema, nikilia.

Barua ya kunifukuza ilikuja wiki ileile. Niliisoma kinyumenyume. Haikuwa na kosa.

Kitabu kilipotoka nilimpelekea mama. Yeye husoma kwa kidole, taratibu, midomo ikicheza. Alipita jina la kwanza, la pili, la mwalimu wa hesabu. Kwenye saba kidole kikasimama juu ya karatasi nyeupe, kikabaki hapo.

"Hapa mmeacha."

"Ndiyo, mama."

"Mbona kuna mtu hapa?"

Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha tatu. Akamimina chai, akafunika kwa kisosi. Lile koti akalitoa kwenye mfuko wa nguo za kugawa, akalikung'uta, akalitundika kwenye kiti. Kisha akakaa akitazama mlango.

"Anachelewa leo," akasema.

"Nani, mama?"

Akanigeukia kwa hasira, tayari kunikemea kwa swali la kipuuzi. Mdomo ukafunguka, ukakaa wazi, ukafungwa. Machozi yakaanza kumtoka na hajui yanatoka kwa nini.

"Huyo," akasema.