Betri za Kuazima

Daktari Msellem alibonyeza swichi ya mashine ya kuvutia mvuke wa dawa mara ya nne, akaigonga ubavuni, kisha akaiacha. Kwenye benchi la kituo cha afya, Mwanapili, mtoto wa miaka tisa, alikuwa kakaa kainama, mikono kaibana magotini, mabega yanapanda na kushuka kwa kila pumzi. Kibomba chake cha kuvutia dawa ya pumu kilikwisha tangu mwezi wa Mfunguo Tano, na kila mama yake alipokwenda kuomba kingine aliambiwa arudi wiki ijayo.

"Betri zi wapi, Bi Mize?" Msellem aliuliza, na jibu analijua.

Mize, mama wa mtoto, alilijua zaidi. Alizifungua mwenyewe asubuhi, kwa spana yake mwenyewe. Yeye ndiye fundi sola wa Kwarani, kijisiwa kinachotazamana na mji wa Mkoani. Alipelekwa kusomeshwa miezi sita, akarudi na cheti, na tangu hapo ndiye anayefuta vumbi paneli za kituo na kuongeza maji kwenye betri. Leo skuli ilikuwa na ugeni. Wafadhili wamekuja kutazama umeme wa jua waliouleta, pamoja na maonyesho ya elimu ya mazingira. Betri walizotoa kwa ajili ya skuli hazikufika kisiwani hata siku moja. Ziliishia wapi, Sheha Abrahman, mkubwa wa serikali hapo kisiwani, hakusema, na Sheha haulizwi.

"Siye tukipata mgeni, hatuazimani mikeka?" Sheha alimwambia asubuhi, kasimama mlangoni pa kituo. "Hatuazimani sahani? Basi na betri ndo hivyo hivyo. Adhuhuri zisharudi."

Hapo Mize alishindwa. Kwarani hakuna aliyewahi kumnyima mwenzake kitu cha kupokelea mgeni. Mkeka wake wa harusi ulikuwa huko huko skuli, umetandikwa mbele ya meza ya maonyesho. Akazifungua betri zote mbili, akawapa vijana wabebe.

Sasa aliteremka mbio kuelekea skuli, kanga kaikumbatia kifuani, spana inagongana na ufunguo mfukoni.

Uwanja wa skuli ulikuwa umejaa watu. Juu ya meza betri zake zilikuwa zimepangwa, kila moja na safu ya taa zake, na taa zote zinawaka, saa sita ya mchana, kwenye jua la kupasua vichwa. Watoto walikuwa wakiimba faida za mikoko. Mize alipenya mpaka kwa Sheha.

"Sheha, mwana kifua chamkaza. Hahemi. Nazitaka betri."

"Wageni wangalipo, Mize." Sheha hakugeuza uso. "Ngoja wamalize madafu."

"Mwana hangoji! Basi tupeni boti yao tumvushe hospitali Mkoani."

"Boti ya wageni ile. Una wazimu?"

Bwana Jaribu, afisa wa mradi kutoka mjini, alikwisha kumwona. "Huyu hapa fundi wetu!" alisema kwa furaha, akamshika bega na kumsogeza mbele. "Njoo, Bi Mize. Mgeni anataka kukusikia."

Mgeni mwenyewe alikuwa mama wa makamo, uso wake wa huruma. Alimshika Mize mkono, akauliza kitu kwa Kiingereza.

"Anauliza umeme wa jua umekubadilishia nini maisha yako," Jaribu alisema.

Mize alimtazama yule mama machoni. "Betri hizi si za skuli. Za kituo cha afya. Mwanangu yuko kule, ana pumu, na mashine haiwaki. Atakufa. Mwambie hivyo."

Jaribu akageuka, akasema maneno mengi ya Kiingereza, taratibu, huku anatabasamu. Mize aliambulia jina lake tu. Mwalim Bakar, anayesomesha Kiingereza pale skuli, alikuwa akitazama viatu vyake. Yule mama machozi yakamlengalenga. Akamkumbatia Mize, akapiga makofi, na uwanja mzima ukampokea, hata wale waliomsikia Mize alivyosema.

Mize aliwachukia wote, na zaidi alijichukia yeye. Akatoa spana, akalegeza nati za betri ya kwanza. Safu moja ya taa ikazimika. Jaribu akaropoka tena kitu, wageni wakacheka na kunyanyua simu zao: fundi mwanamke yuko kazini. Alijitwika betri kichwani, kilo thelathini, akamtafuta mtu wa kumbebea ya pili. Watu walimtazama Sheha kwanza, kisha wakatazama chini.

Sheha aliweka kiganja juu ya betri iliyobaki. "Hiyo ushaichukua, nenda nayo," alisema kwa sauti ndogo. "Hino haondoki mtu nayo. Kesho yatakiwa skuli ya Vitongoji, wageni wenda huko."

"Mashine yataka mbili, Sheha. Moja haiwashi kitu."

"Miye si fundi. Fundi ni weye."

Mize akapanda njia ya kituo. Shingo ilimtetemeka, na maji ya betri yalikuwa yakimchuruzika begani, yanamchoma ngozi. Alihesabu hatua ili asifikiri. Huenda Msellem ataweza kuunga waya kwa namna nyingine, alijiambia, na ni yeye mwenyewe Mize aliyesomeshwa miezi sita kwamba hakuna namna nyingine. Nyuma yake makofi yakalia tena. Safu ya pili ya taa ilikuwa bado inawaka.

Alipofika penye mfenesi akaona mlango wa kituo. Msellem alikuwa amesimama kizingitini, mikono kaiacha inaning'inia, anamtazama anavyokuja na mzigo wake. Hakumwambia afanye haraka.