Msusi Aliyenyang'anywa Mtoto

Kikombe kimoja ndicho kilichomponza msusi. Kilimponyoka mbele ya mama mkwe, chai ikatapakaa sakafuni, na tangu asubuhi hiyo mtoto akawa habebwi na mama yake. Mama mkwe alimleta anyonye, akasimama palepale kama askari wa zamu, kisha akamchukua. Msusi alizoea kutenganisha nywele za wateja bila hata kutazama, na sasa vidole vyake havikulihisi sawasawa hata shavu la mwanawe mwenyewe. Roho ilimuuma, lakini aliyameza.

Ganzi ya vidole ilianza akiwa mjamzito. Wajuaji wakasema itaondoka akijifungua. Akajifungua, na ganzi ikabaki kama mgeni asiyejua kuaga.

Kliniki, mtaalamu wa viungo alimweleza kwamba mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Baba mtoto alibaki nje na mtoto, maana tiba yenyewe ilikuwa ya mwanga ulio hatari kwa macho. Waliokuwa ndani wote walivaa miwani mizito, na mama mkwe katika yake akafanana kabisa na fundi wa kuchomelea mageti. Mtaalamu akaanza kugusisha kidude chenye mwanga mwekundu kwenye sehemu zilezile ambazo wengine huchomwa sindano za tiba ya Kichina.

"Tochi!" mama mkwe akaguna. "Safari yote hii tumekuja kumulikwa tochi?"

"Ni leza, mama. Wapo wanaopata nafuu, wapo wasioipata. Siwezi kuwaapia kwamba atapona."

"Basi mwambie asibebe mtoto. Kesho naondoka naye, nimeshakubaliana na baba yake, atakaa kwangu mpaka huo mkono upone."

Hilo msusi alikuwa hajaambiwa. Kama si ule mwanga mkononi angeinuka hapohapo. Kwa hiyo wamekaa, wamepanga, na mumewe anajua! Akamgeukia mtaalamu.

"Nionyeshe nimbebeje bila kukunja kiganja."

Mtaalamu akachukua mto. Uzito wote ulale kati ya kiwiko na kifundo, mwili wa mtoto ugande kifuani, kiganja kisishike kitu. Msusi akarudia na mto ule hadi mama mkwe akachoka kupiga miayo.

Kesho yake mkoba wa mtoto ulikuwa mlangoni, na chupa za maziwa zikichungulia juu.

"Mama ana uzoefu, mke wangu," mumewe alisema akiangalia viatu vyake. "Ni wiki chache tu."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," mama mkwe akaongeza.

"Kwani mimi nilimwokota?"

Hakungoja jibu. Vidole bado vilikuwa vizito, na hofu alikuwa nayo, tena nyingi. Alikaa kwenye godoro, akaegemea ukuta, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe, mama."

"Akikuponyoka?"

"Ataangukia mapajani mwangu. Nipe."

Mama mkwe alimtazama mwanawe, mwanawe akatazama dari. Hakuna aliyemsaidia. Polepole akainama, akamlaza mtoto juu ya mkono wa msusi, viganja vyake vikabaki chini ya mtoto kwa muda, vikisubiri kudaka. Hakukuwa na cha kudaka. Mtoto alijisogeza kifuani, akatulia.

"Na mkoba je?" mama mkwe akauliza, sauti imemshuka.

"Mkoba atakubebea mwanao," msusi akamjibu. "Wangu nimeshambeba."